Alama Nyekundu Kwenye Uwanja wa Kendu

Nyumba yetu ina nguzo tisa za mbao barazani, na mama yangu anazijua zote kwa mkono. Iko kwenye uwanja wa zamani wa Kendu Bay, upande unaoelekea ziwani, pale maduka yaliyojengwa na Wahindi wakati wa mkoloni yanapozunguka kiwanja cha vumbi ambacho zamani kilikuwa soko. Mabati yameshika kutu, lakini kuta ni nene na ndani kuna baridi hata saa nane mchana. Baba alikuwa fundi wa cherehani. Alianza kwa kukodi kona ya baraza, na mwenye duka alipohama akamuuzia nyumba nzima. Baba alipofariki mimi nikarithi cherehani pamoja na wateja, wengi wao wazazi wa wasichana wanaokwenda shule ya bweni ya Asumbi.

Mama alipoteza macho polepole. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba tumechelewa. Lakini mgeni angeweza kukaa naye siku nzima asigundue. Asubuhi alitoka kwa mlango mkubwa, akageuka kushoto, akagusa nguzo ya tatu, akashuka ngazi mbili na kukata kona ya uwanja hadi ukuta wa msikiti, anapokaa mama muuza maziwa. Walipiga porojo, kisha akarudi na chupa yake imejaa. Sikuwahi kumshika mkono. Angenikemea.

Siku moja nilikwenda Oyugis kununua vitambaa. Nilirudi jioni nikakuta majirani wamejaa barazani kwetu. Kwenye ngazi ya chini mtu alikuwa amepaka rangi nyekundu: nambari fulani, na kando yake alama ya X kubwa kama sahani. Nyumba nne nyingine za uwanja zilikuwa nayo pia.

"Dada, tumekwisha," alisema jirani yangu anayetengeneza simu. "Hiyo alama unaijua. Ikishapakwa, kinachofuata ni tingatinga."

Niliijua. Nani Kenya hii haijui? Nimeiona kwenye vibanda vya kando ya barabara, na baada ya wiki chache vibanda havipo.

Mama alikuwa ameketi mlangoni, mikono mapajani. "Hawakuwa watu wa kubomoa," alisema. "Walinisalimia vizuri. Waliniuliza mlango huu ulitengenezwa wapi na ukuta ulikuwa rangi gani nilipoolewa. Mtu wa kubomoa anataka rangi ya nini?"

Majirani walirudi kwenye habari za tingatinga. Nasema hili kwa aibu: hata mimi sikumwamini. Niliona mama mzee asiyeona aliyedanganywa na watu wenye maneno matamu.

Usiku huo nilimpigia kaka yangu, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi Migori. Kesho yake saa nne alikuwa amefika na gari.

"Mama anakwenda na mimi leo," alisema. "Tingatinga haipigi hodi. Wewe fungasha polepole, utoe hata madirisha, mbao hizo ni nzuri."

"Siendi," Mama alisema.

Kaka alinitazama. Yeye ni mkubwa wangu, lakini alijua Mama husikia zaidi maneno yangu. Nikapiga magoti mbele ya Mama. "Nenda, Mama. Nitakufuata mwezi ukiisha."

Akanyoosha mkono nimwinue. Ilikuwa mara ya kwanza kuniomba mkono. Nilimpeleka hadi kwenye gari, nikafunga mlango, nikarudi ndani na kuanza kutafuta bisibisi.

Baada ya siku kumi nilikwenda kumwona. Nyumba ya kaka ni mpya, ina vigae vinavyong'aa na sebule pana, na mke wake ni mtu mwema sana. Alikuwa akimpikia Mama samaki kila siku na kumpeleka chooni kwa mkono. Mama alikuwa kwenye kochi, ameshika mahali pa kuwekea mkono kama abiria wa mashua. Kipaji cha uso kilikuwa kimevimba.

"Ni friji," alisema kabla sijauliza. "Hapa kila kitu kinateleza, na kuta ziko mbali. Nyathina, mwanangu, mimi nyumbani sikuwa kipofu. Nimepofuka hapa."

Nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji. Wifi alinifuata. "Nimejaribu," alisema. "Haniitiki. Anakaa tu." Alikuwa karibu kulia, nami pia.

Jumatatu sikufungua duka. Nilichukua karatasi za nyumba alizoacha Baba, nikazitia kwenye bahasha na kwenda Homa Bay. Sikuwa na mpango wowote zaidi ya kuuliza tutabomolewa lini, na kama naweza kupewa hata miezi mitatu. Ofisi ya kwanza ya kaunti ilinituma ya pili, ya pili ikanituma orofani. Huko nilimkuta mzee mmoja mwenye miwani, meza yake imejaa ramani. Nilimwambia ninakotoka.

"Nyumba ya nguzo tisa!" alisema, akasimama. Alitoa faili, akafungua. Picha ya kwanza ilikuwa mlango wetu, na Mama ameketi mbele yake. "Huyu mama ndiye aliyetueleza kila kitu. Anaendeleaje?"

Nikamuuliza tutabomolewa lini.

Alinitazama kama hakusikia. Kisha akashika kichwa. "Ile alama! Ile ni mahali tulipoanzia kupima, mama. Tulipaswa kutumia chaki. Samahani sana." Aligeuza kurasa, akanionyesha tangazo la serikali. Uwanja wetu pamoja na majengo yake ya zamani ulikuwa umewekwa chini ya ulinzi wa sheria kama urithi wa nchi. "Hakuna atakayeibomoa. Hata wewe mwenyewe huna ruhusa. Hutoi mlango, hutoi dirisha, na ukiziba ufa utumie chokaa, si saruji."

Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikakumbuka kitu kilichonikausha machozi.

"Madirisha mawili nimeshayatoa," nilisema. "Nimeyafunga kwa magunia."

Alivua miwani akaifuta taratibu kwa shati. "Yarudishe kabla mvua haijanyesha," alisema. "Mimi sijasikia neno."

Nilimpigia kaka nikiwa bado kwenye ngazi za ofisi. Nilimweleza yote. Kisha nikamsikia akiita, "Mama! Mama, hawabomoi!" Na sauti ya Mama, mbali, ikimjibu bila hata kushangaa: "Si niliwaambia?"

Kaka alimrudisha Mama siku iliyofuata. Majirani walikuwa wamepata habari, hivyo gari liliposimama uwanja ulikuwa umejaa watu wanaocheka ovyo, kama wanafunzi waliofunga shule. Kaka alitoka haraka kumshika Mama. Mama akausukuma mkono wake. Alisimama kidogo, akasikiliza, akapanda ngazi mbili bila kujikwaa na kuingia ndani. Mara tukamsikia jikoni akigomba kwamba nimehamisha sufuria zake.

Kaka alibaki barazani, hajui aweke wapi mikono. "Nilitaka kumsaidia," aliniambia.

"Sote tulitaka," nikasema. "Tungemuuliza tu."

Tulirudisha madirisha pamoja. Moja lilikataa kuingia kwa sababu nilikuwa nimepinda bawaba nikilitoa, na kaka, anayeuza bawaba kila siku, alihangaika nalo kwa saa nzima huku Mama akimwelekeza kwa sauti kutoka ndani: "Inua! Inua upande wa chini kwanza!" Lilipoingia, tulikula ugali na omena, kisha kaka akajinyoosha kwenye mkeka pale barazani na kulala fofofo, viatu mguuni. Sikuwa nimemwona amelala pale tangu tukiwa watoto.

Nilimwacha. Nikaketi kwenye cherehani kumalizia sketi za bweni, na hapo nikaona kazi niliyokuwa nimefanya zile siku za hofu. Sketi saba, viuno vyote vimepinda. Wateja wangenifukuza mjini. Nikachukua wembe, nikaanza kufumua mshono mmoja baada ya mwingine, na sikuwa na haraka hata kidogo.