Majina ya Watumishi wa Ozareti

Télesphore alikuwa mpiga taipu katika wizara moja pale Rohero, mtaa wa katikati ya mji, mtu mpole wa miaka thelathini na minne, ambaye wakubwa wake walimjua kwa jambo moja tu: hakosei herufi. Wasichokijua ni kwamba kila Jumamosi mchana mpole huyo alikuwa akigeuka mungu mwovu.

Ulikuwa mchezo. Mwalimu mmoja Mbelgiji aliyekuwa jirani yake aliondoka mbio mwaka 1993, nchi ilipoingia vitani, akamwachia kitabu cha Kifaransa chenye kanuni zake. Wachezaji hukaa mezani, kila mmoja akijifanya msafiri katika nchi ya kubuni, na msimulizi anawaambia wanakutana na nini. Dadu ndizo zinazoamua nani anapona. Msimulizi alikuwa Télesphore. Wachezaji walikuwa wawili: Hamimu, fundi cherehani wa mtaa wa Buyenzi, na Maxime, karani wa benki. Walikutana nyumbani kwa Maxime, palepale Rohero, tena mchana kweupe, kwa sababu jioni hakuna aliyeruhusiwa kutembea.

Mungu mwenyewe aliitwa Ozareti. Télesphore alimbuni mwaka 1995, baada ya yeye, mkewe Léocadie na binti yao Christa kukimbia mtaa wa Kamenge uliposhambuliwa na kupanga vyumba viwili uani kwa Hamimu. Ozareti hakuwa na watu wake. Alipita nyuma ya vita, akawainua waliokufa bila kuzikwa na kuwafanya askari, na askari hao hawakuchoka wala kuogopa, maana ni nini tena kingewatisha? Mchezoni alikwisha kumuua Hamimu mara mbili, na Hamimu alimchukia kwa dhati kabisa. Njia ya kumshinda ilikuwepo. Aliyeijua ni Télesphore peke yake.

Sasa, Jumamosi moja ya mwaka 1997, Hamimu alikuwa na suti ya bwana harusi ya kumalizia, kwa hiyo Télesphore akatangulia mjini peke yake. Kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, askari akaufungua mfuko wake, akatoa daftari. Ukurasa wa kwanza aliouangukia ulikuwa na ramani ya mji wenye ukuta, mishale imechorwa kuelekea ndani, na maneno haya: Jumamosi, mia mbili, mlango wa kaskazini. Ukurasa wa pili ulikuwa na majina ya watu kumi na tisa, kila jina na msalaba mbele yake.

Askari hakuwa na haja ya kuuliza zaidi. Miaka ile watu walikamatwa kwa karatasi ndogo kuliko ile.

Walimpeleka kituoni, wakamvua viatu na mkanda, wakamkalisha sakafuni mbele ya luteni aliyekuwa na macho ya mtu asiyelala vizuri. Luteni alitaka kujua jeshi hilo la watu mia mbili ni la nani. Télesphore akasema ukweli: ni la Ozareti. Anaishi wapi? Haishi, Shefu, ni mungu wa wafu. Kofi lilimfikia kabla hajamaliza. Akaeleza habari ya mchezo, akaitaja meza, akazitaja dadu, na kila alivyozidi kueleza ndivyo alivyojisikia mwenyewe kama mwongo.

Kisha luteni akauliza ni nani wengine wanaoujua mpango huo. Hapo Télesphore akafunga mdomo. Alijua jina linalotajwa mahali kama pale linaweza lisirudi nyumbani kwao. Alipigwa tena, akainamisha kichwa, akaanza kusali kimoyomoyo Baba Yetu, akawa anapotea katikati na kuanza upya.

Huku nyuma, mwanamke mmoja muuza makaa aliyeshuhudia mambo pale kwenye bariere alikimbia kumwambia Léocadie, na Léocadie akaenda kusimama mbele ya cherehani ya Hamimu. Hamimu alipopata maneno yote, aliiacha suti ya watu, akavaa shati lake la Ijumaa, akaenda mpaka mlangoni mwa kituo, kwa askari.

“Mi ndiye Hamimu,” akawaambia. “Huyo mutu mulishika, tunacheza naye. Kama ni kosa, tuko wawili.”

Luteni hakuwa mjinga. Hakuwakutanisha. Alimweka Hamimu koridoni, akamfungulia daftari upande ambao Hamimu hauoni, akamtaka amweleze huyo Ozareti ni nani. Hamimu akaeleza nusu saa nzima. Alieleza wale wafu wanatembeaje, na kwa nini mbwa wa mji ule hawawabwekei, na jinsi mlango wa kaskazini ulivyoachwa wazi na mchezaji mwingine, ambaye jina lake alilimeza. Akafika kwenye kifo chake cha pili na kulalamika kwamba dadu ilikuwa imeanguka chini ya meza, haikupaswa kuhesabiwa. Askari mlinzi akauliza ikawaje baada ya hapo. Luteni akamtazama, naye akarudi mlangoni.

Ndipo wakaletwa chumba kimoja.

“Huyu mungu wenu,” luteni akamwambia Télesphore, “anashindwa namna gani?”

Télesphore alimtupia jicho Hamimu. “Siwezi kusema, Shefu.”

“Kwa nini?”

“Huyu bado hajui. Nikisema mbele yake, nimeharibu mchezo.”

Maneno yalimtoka kabla hajayafikiria. Lakini mtu anayetunga uongo ili aokoe roho yake hajibu hivyo, na luteni aliliona hilo. Akaamuru Hamimu atolewe nje, mlango ukafungwa.

Télesphore akaeleza kwa sauti ya chini. Yeyote atakayejua jina kamili la mfu, akamwita kwa jina hilo kama alivyoitwa kwao, basi mfu yule anaweka silaha chini na kulala. Ozareti akiishiwa askari, si kitu tena.

Luteni akafunua ukurasa wa majina. “Na hawa, umewabuni?”

“Apana, Shefu.”

Walikuwa majirani zake wa Kamenge. Makaburi yao hakuyajua, na wengine aliamini hawana. Alikuwa amewaingiza katika hadithi ili Hamimu na mwenzake wawaite mmoja mmoja mpaka waishe, kwa kuwa yeye mwenyewe, kila alipojaribu, hakuvuka jina la kwanza.

Luteni alisoma orodha kutoka juu hadi chini, midomo ikicheza. Alipofika mwisho akauliza kama wakishaitwa wanaenda wapi.

“Hawaendi mahali, Shefu. Wanapumzika.”

Luteni akaichana ile ramani, akaitia mfukoni, akamrudishia daftari lake pamoja na viatu na mkanda. “Usitembee na ramani,” akasema. “Nenda kwako.”

Nje jua lilikuwa bado liko juu, jambo lililomshangaza Télesphore, kwani alidhani siku imekwisha. Akakaa ukingoni mwa barabara, akashikwa na kicheko asichoweza kukizuia. Léocadie, aliyemfuata Hamimu na kungoja nje, hakulia. Alichuchumaa mbele yake, akamshika mikono, akaanza kukunja na kukunjua kidole kimoja kimoja mpaka akahakikisha vyote kumi vinafanya kazi. Shavu lililovimba halikumshughulisha.

Njia nzima Hamimu alimsumbua amwambie alichomwambia luteni, akidai kwamba mtu aliyeingia kituoni kwa miguu yake mwenyewe ana haki ya kujua. Télesphore alikataa kabisa. Walifika Buyenzi wakibishana kwa sauti, na watu wakawa wanatoka milangoni kuwaangalia.

Léocadie aliweka ugali wa muhogo na ndagala, wale dagaa wa ziwani, akamwacha mumewe ale kwanza. Alipoona sahani imekuwa nyeupe ndipo akasema.

“Baba Christa, Jumamosi ijayo mutacheza hapa uani. Huyo Ozareti nataka nimuone mwenyewe.”

Télesphore alikubali palepale, akamwomba amwongezee ndagala.