Tumbawe Lililotoa Povu

Ndimu niliileta mimi mwenyewe. Hilo sijajisamehe, na asije mtu kunifariji.

Kaka yangu alikuwa kibarua wa mjengo Mombasa. Alifia huko, akazikwa hukohuko kabla sisi wa Merikit, huku Uganda, hatujapata habari. Lililorudi ni begi lake, na ndani yake kitu cheupe, kigumu, cha duara kama kisahani, chenye mistari myembamba iliyotoka katikati hadi ukingoni, na mpasuo mdogo palepale katikati. Mama alikiweka juu ya kabati. Kila asubuhi alikigusa akisema, "Umeamkaje, mwanangu?"

Kisha miguu ya mama ikaanza kuvimba. Mchungaji akaja, akakitazama kile kitu, akasema ni sahani ya majini wa baharini, ivunjwe Jumapili.

Wee! Mimi nauza mitumba Busia, si mtu wa kutishwatishwa. Nilikipiga picha, nikamtumia rafiki wa kaka kule Pwani. Alicheka mpaka nikaudhika. Akasema ni tumbawe, mifupa ya mnyama mdogo wa baharini anayekaa mchangani bila kushika mwamba, na ule mpasuo ndio uliokuwa mdomo wake. "Wakibisha, lidondoshee ndimu, dada. Litachemka, maana ni chokaa tupu."

Nikafurahi nimepata ushahidi, kumbe najipalia makaa.

Jumapili, mbele ya akina mama wa maombi, nikawaeleza kuwa ule mpasuo ulikuwa mdomo wa mnyama, kisha nikakamua ndimu juu yake. Povu likapanda, chwiii.

"Yesu!" mmoja akapiga kelele. "Mdomo unatoa povu!"

"Ni chokaa, jamani! Kama ile wanayochimba Tororo ya kutengeneza saruji!"

Nani anisikilize? Nikamgeukia mama. Neno lake moja tu lingetosha, maana kitu kilikuwa chake na nyumba ni yake. Alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani, anajifuta vidole kwenye gauni, anafuta na kufuta.

Walilivunja kwa jembe, wakatupa vipande chooni huku wakiimba.

Miguu ya mama bado imevimba. Juzi nilienda kumwona, nikamtaja kaka kwa jina, kama tulivyozoea. Mama akaniziba mdomo kwa kiganja chake.

"Nyamaza," akaninong'oneza. "Usimwite. Atakuja."