Nyuzi nyeupe kwa kuku niliyemsagia mama mkwe, Ruiru

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni nyanya, mjukuu ndiye ananiandikia. Hii story ni yangu na sijaongeza chumvi.

Ilikuwa fifties, wakati wa Emergency, vita vya Mau Mau. Bwana yangu alifanya kazi kwa shamba la kahawa huku Ruiru, tukiishi kwa laini za wafanyakazi. Sisi ni watu wa western. Nilikuwa nimeolewa juzi tu, hata mimba bado.

Mama mkwe akatuma neno anakuja.

Kwetu mgeni wa heshima ni kuku, hiyo mnajua. Na lazima aone viungo vyote kwa sahani. Kimoja kikikosa, unaulizwa.

Lakini mama hakuwa na meno! Nikajifanya mjanja. Jirani yetu, mpishi wa mzungu, akaniazima mashine ya kusaga nyama. Nikatoa jogoo mifupa, jogoo mzee vile, nikasaga nyama yote, nikapika. Miguu peke yake, ile ya makucha, niliweka kando.

Wueh.

Mama alipofika nikampakulia. Akachokora nyama na kijiko, akaacha.

"Hii ni nini?"

Nikaangalia. Nyuzi. Nyeupe, zinang'aa, zimejikunja ndani ya nyama. Mimi mwenyewe nilidhani ni minyoo.

"Kuku wangu ako wapi? Unanilisha nini, msichana?"

Kuku akisagwa hana paja, hana kifua. Akamgeukia mtoto wake: "Kesho huyu arudi kwao."

Bwana yangu akainamia sahani yake. Hiyo ndio iliniua kabisa.

Na nje nyapara wa shamba anapitapita. Siku hizo neno "sumu" likisikika kwa nyumba yako, unabebwa kuulizwa maswali, na kuna wenye hatukuwaona tena. Niliogopa, wakuu.

Nikakimbilia ile miguu, angalau aone ni kuku. Mahali nilikata kulikuwa na uzi mweupe umechungulia, sawa na wa kwa sahani. Nikauvuta.

Makucha yakajikunja.

Nikavuta tena, yakajikunja tena. "Ni kano, mama! Jogoo akizeeka zinakuwa ngumu, mashine imeshindwa kuzikata."

Hakucheka. Akanisukumia sahani. "Anza wewe."

Nikala. Nikatafuna hizo nyuzi machozi yakitoka, yeye ameniangalia koo mpaka nikameza.

Ndio akashika kijiko. Akakifikisha mdomoni, akakirudisha kwa sahani bila kuonja, mara mbili.

Hapo ndipo nilimwona. Mama mzee, amepita kwa vizuizi vya askari wenye bunduki kutoka nyumbani mpaka huku, anafika anawekewa chakula asichokitambua na mtu asiyemjua. Mimi naogopa kurudishwa kwetu, yeye anaogopa kufia ugenini.

Nikamchukulia kijiko mkononi, nikamlisha mimi mwenyewe, nikitoa uzi mmoja mmoja. Akakula akamaliza. Maneno ya kesho hakuyarudia, na mimi sikuuliza.

Somo? Ng'oeni kano za miguu kabla ya kusaga kuku, hasa jogoo mzee. Na mgeni aonyeshwe kuku wake mzima kwanza, hata kama meno hana.

Nani mwingine amewahi kupata hizo nyuzi akaruka? Andikeni hapo chini, mjukuu atanisomea. Na wenye mama mkwe mkali, msijifiche.