Soda ya Nanasi Asubuhi ya Nusukaputi

Mie soda yangu ni ya tangawizi, ya chupa ya kioo, iliyolala kwenye friji tangu jana yake. Ya chupa ya plastiki siigusi labda niwe safarini. Nikifika dukani kwa Mangi wa pale konani kwetu Mtoni, haniulizi nataka nini. Ananitazama uso tu, akiona nimekunja ndita anajua nina njaa, ananisogezea na andazi. Naufuta mdomo wa chupa kwa kiganja, nainywa nimesimama, mafunda ya kwanza bila kupumua, mpaka ile pilipili yake inipande puani machozi yanitoke. Mrija sitaki. Mtu mzima na mrija wapi na wapi?

Kwetu kila mtu ana yake. Mume wangu, anayefanya kazi ya zamu kwenye mitambo ya umeme kule Kinyerezi, ni mtu wa soda nyeusi, na anamimina karanga humo humo ndani ya chupa kisha anazitafuna zimelowa. Nimemsema mpaka nimechoka. Mama yangu mzazi, ambaye anakaa nasi tangu baba afariki, yeye hanywi soda hata kidogo, anasema inamjaza gesi. Lakini mnunuzi mkuu ni yeye. Mgeni hajakaa sawasawa kwenye kochi keshaulizwa anatumia soda gani, na ole wake aseme ameshiba. Akisikia jirani anaumwa, hapeleki uji, anapeleka soda. Uji, anasema, mgonjwa unamlazimisha, soda anaiomba mwenyewe.

Na binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minne, ni wa nanasi. Anaitaka ya moto, yaani isiyoingia friji, kwenye kikombe chake cha plastiki, kwa sababu ndivyo bibi yake alivyomzoesha. Akimaliza anabeua kwa sauti kubwa, anatuangalia mmoja mmoja, anasema soda imeongea. Sie tunacheka. Harufu ya nanasi inajaa sebuleni.

Mtoto huyo alikuwa na nyama za puani. Alilala mdomo wazi, akikoroma kuliko baba yake, na wakati mwingine mkoromo ulikatika na pumzi nayo ikakatika. Mie nilikuwa nakaa kitini kando ya kitanda chake namsubiri avute pumzi nyingine. Akiivuta, namshukuru Mungu. Halafu naanza kuisubiri inayofuata. Hospitali walipompima wakasema zile nyama zikatwe, na zitakatwa kwa nusukaputi.

Nisikufiche, mie ni mkali wa mdomo. Mtaa mzima unajua, hata wakata tiketi wa stendi wananijua. Lakini kwenye mambo ya hospitali ni mwoga wa kutupwa. Na mtaa nao hauna huruma. Kila niliyemwambia alikuwa na mtu wake aliyelazwa usingizi ule asiamke. Mmoja mpwa wake, mwingine jirani wa shemeji yake huko Mbagala. Walinihadithia huku wakinipa pole. Nikawa nawaitikia.

Nesi alinielekeza vizuri, tena taratibu, maana aliniona nilivyo. Mtoto akishakula chakula cha usiku basi. Asubuhi asipewe chochote, si chai, si maji. Aliniambia kwa nini: akishalazwa usingizi, koo linasahau kazi yake, na kilichomo tumboni kinaweza kupanda kikaingia kwenye mapafu. Niliyabeba maneno hayo mpaka nyumbani nikayasema mbele ya wote. Nikagawa maandazi kwa majirani. Nikaficha mkate juu ya kabati. Nikamwambia mama, mtoto kesho asitie kitu kinywani. Mama alikuwa anachambua mchele, akaitikia, haya mwanangu, bila kuinua kichwa.

Asubuhi mtoto aliamka na kiu yake. Alianza kuomba maji, alipoona hapewi akapandisha dau, akataka soda. Alilia kilio kile cha kujitupa chini. Mie niliingia bafuni kuoga, nikamsikia analia, nikajimwagia maji haraka haraka ili nisisikie. Nilipotoka alikuwa kimya, amekaa mapajani kwa bibi yake anachezea pindo la kanga. Nikamshukuru mama kwa kumbembeleza. Nilimshukuru kwa moyo wangu wote.

Tulikwenda kwa bajaji, mie, mama na mtoto. Baba yake alikuwa atufuate akitoka zamu. Hospitali tulikaa kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji pamoja na kina mama wengine wenye watoto wao. Nesi alipita akituuliza kila mmoja kama mtoto hajala wala kunywa. Alipofika kwangu nilimjibu kwa kujiamini kabisa, hajagusa kitu. Mama yangu alikuwa hapo hapo pembeni. Mtoto akavalishwa gauni la kijani lililomzidi, tukaambiwa anayefuata ni sie.

Nilimpakata kifua kwa kifua, kichwa chake begani. Nilikuwa nasoma dua moja naisahau katikati, naianza upya. Ndipo mtoto akabeua shingoni mwangu.

Nanasi.

Hakuna kitu kingine duniani kinachonuka vile. Tunda lenyewe halinuki vile. Nilimtoa begani nikamtazama mdomo, ulimi una umanjano. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, umekunywa soda? Alimtazama bibi yake, na bibi yake alikuwa anatazama kandambili zake.

"Mama, umempa?"

"Mtoto ana njaa huyo," mama akasema. "Tumbo tupu nalo linabeua."

Hakuniangalia. Mama yangu ana mambo yake, lakini uongo hajui, ukimtoka unaonekana. Mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguliwa, nesi akanyoosha mikono yake amchukue mtoto, akatabasamu, akasema njoo mrembo wetu.

Mtu atasema hapo pana nini cha kufikiri. Lakini niliogopa huku na huku. Nafasi ile tuliisubiri muda mrefu, na kila usiku tulioisubiri niliupitia kitini. Nikisema, tunarudishwa nyumbani na ile pumzi inayokatika. Na nikisema, namwanika mama yangu mzazi mbele za watu. Mikono ya nesi ilikwishamshika mtoto kwapani. Mie nikawa simwachii. Tukavutana kidogo, nesi akadhani ni uchungu wa mama, akaanza kunipoza.

"Amekunywa soda," nikasema. "Asubuhi hii. Msimlaze."

Nesi akaniuliza nani kampa. Sikumtaja mtu, lakini haikuwa na haja. Benchi zima liligeuka kumtazama mama. Nesi naye alikuwa na hasira ya mtu aliyenusurika, akamwambia, "Bibi, ungetuulia mtoto." Mama akajifunika kanga usoni. Daktari, dada mdogo tu kwa umri, akatoka kuangalia kuna nini. Alinishukuru kwa kusema, akasema leo haiwezekani, turudi wiki ijayo. Yeye hakumgombeza mtu. Alimshika mtoto shavu akarudi ndani.

Tulirudi kwa bajaji. Mtoto alilala mapajani kwangu akikoroma, mie nawaza: isingekuwa kubeua kule, saa hizi angekuwa ndani amelala, na ile soda tumboni. Kila tulipopita tuta nilimshika zaidi. Tulipofika nyumbani nikamwingiza chumbani, nikatoka, nikamkuta mama amekaa kwenye mkeka bado amejitanda. Nilikuwa nimejaa mpaka hapa. Nikamwuliza alikuwa anataka nini na mwanangu, mtu aliambiwa mbele ya wote, akaitikia haya, kisha akakaa nami benchini anasikia navyojibu hajagusa kitu. Nilisema mengi, sauti imenipanda. Mama aliniacha nikamaliza.

Halafu akasema, "Kabla yenu kulikuwa na mwenzenu."

Hilo nililijua. Kijijini kwetu Newala, nyuma ya nyumba ya babu, kuna kaburi dogo, tulikuwa tunakatazwa kulichezea. Ila hatukuwahi kuambiwa alikufaje, na kwetu watoto hawaulizi mambo hayo.

Mama alisimulia akiwa ameelekea ukutani. Kaka yetu huyo alikuwa na umri wa binti yangu. Utumbo ulijisokota, hospitali wakampasua, na baada ya kupasuliwa ikakatazwa asipewe kitu kwa mdomo. Yeye akaomba soda. Aliwahi kuonja mara moja, kwenye harusi. Kule kwetu miaka hiyo soda ilikuwa haipatikani hivi hivi, baba alizunguka akamkuta dereva wa lori anayo moja, ya nanasi, akaja nayo. Wakaiweka juu ya kimeza kando ya kitanda, iwe tayari siku atakayoruhusiwa.

"Akawa anaitazama," mama akasema. "Ananiambia, mama nifungulie ninuse tu. Mimi nikamwambia subiri, kesho. Niliambiwa asipewe, nikatii. Alfajiri akafa, chupa haijafunguliwa. Tukarudi nayo nyumbani. Waliokuja kutupa pole ndio walioinywa."

Mie hasira zote zikanitoka, nikabaki sina pa kushika. Nilikaa kwenye mkeka. Nilitaka kumwambia kwamba hakumuua, kwamba hata angempa ile soda pengine angekufa vilevile, lakini niliogopa kufungua mdomo. Leo asubuhi aliposikia kilio cha mwanangu alisikia kilio gani? Nikamsogelea tukakaa bega kwa bega mpaka adhana ya alasiri.

Wiki ikapita. Siku moja kabla ya kurudi hospitali, mama alikuja jikoni ameshika mfuko wake wa nguo. Aliniomba nimpeleke Kunduchi kwa mdogo wangu, yule anayekaanga samaki pale wavuvi wanaposhusha. Nikadhani bado ana kinyongo na yale niliyomwambia. Nikaanza kumbembeleza abaki, nikamwambia yamekwisha, tunamhitaji.

"Nipeleke," akasema. "Akilia nitampa. Najijua."

Nikampeleka.

Asubuhi yake mtoto akalia vilevile, na safari hii sikuwa na bafu la kujifichia. Alinishika miguu. Aliniahidi atakuwa na adabu, atanitandikia kitanda, nimpe kidogo tu, kifuniko kimoja. Baba yake alitoka nje akasimama uani ametupa mgongo. Mie nilimkatalia mwanangu, na kila nilipomkatalia niliogopa kwamba hilo ndilo neno la mwisho atakaloondoka nalo kwangu. Sijawahi kuogopa hivyo, wala sitaki kuogopa tena hivyo. Nilimvisha viatu akiwa analia, nikamfunga kamba vibaya, nikafungua nikafunga tena.

Alipochukuliwa mlangoni hakubeua, alikuwa amechoka kulia. Tukakaa benchini na mume wangu. Alikuwa na mfuko wa karanga mkononi, hakula hata moja. Watu walipita, wakaongea, sikusikia. Nilikuwa nasikiliza mlango. Nikasema nikisikia mtu anakimbia ndani nitajua basi, na nikawa nasikia mbio zisizokuwepo.

Daktari akatoka anavua kofia yake ya kijani, akasema imekwenda vizuri. Mume wangu akainama akashika magoti. Mie nilimwambia daktari asante, nikajikuta namwambia tena na tena, mpaka akanishika mkono akanipeleka kwa mtoto.

Alikuwa na damu kidogo kwenye tundu la pua, midomo imekauka. Alifungua macho, akayafumba, akafungua tena. Jioni walipomruhusu tukarudi nyumbani, nikampigia mama. Simu haikuita hata sawasawa, alikuwa ameishika.

"Ameamka?"

"Ameamka, mama."

"Ameomba nini?"

"Maji. Halafu soda."

"Mmempa?"

"Maji nimempa, kayanywa yote. Soda daktari kasema kesho."

Nilisikia watu wa Kunduchi wakipigia kelele bei ya samaki nyuma yake, na mdogo wangu akimwuliza kuna nini.

"Mwanangu," mama akasema, "na wewe umemwambia kesho?"

Nilikuwa nimemwambia. Nilimwambia nikiwa nacheka kwa furaha, namfuta midomo kwa ncha ya kanga, kesho mama, kesho utakunywa. Simu nikaiweka chini. Nilirudi kitandani kwake, nikaweka kiganja kwenye kifua cha mwanangu, nikakaa naye mpaka kukapambazuka.