Viatu vya Mama Kando ya Motokari

Enzi zetu, sisi tuliokulia katikati ya Butembo, motokari ilikuwa kitu cha kupisha njia, si cha kupanda. Shule ilikuwa ng'ambo ya barabara, soko nyuma ya nyumba, kanisa mlimani kidogo. Baba alituuliza motokari itupeleke wapi wakati kila kitu kiko hatua mbili. Tulitembea, na vumbi jekundu likatupanda hadi magotini. Watoto wa leo wanapanda pikipiki kwenda kununua mkate, kisha wanalalamika miguu inawauma; sijui imefanya kazi gani.

Kwa hiyo jirani yetu Papa Paluku, muuza viazi vya Lubero, alipokubali kutupeleka Beni kwa pikapu yake, wiki nzima sikulala vizuri. Mdogo wake mama alikuwa anatolewa mahari, na mama, kama dada mkubwa, ndiye angewapokea wakwe mlangoni. Baba alikwisha kutangulia kwa lori. Mimi nilikuwa na miaka minane, na darasa zima lilijua kwamba nitakaa dirishani.

Siku ya safari mama alivaa kitenge kipya na viatu vyeusi vya kisigino, vile vya Noeli na Pasaka tu. Papa Paluku aliwasha injini mara mbili, akaizima mara mbili: kwanza tulisahau beseni la kuogeshea mdogo wangu mchanga, kisha mama akarudi kuhakikisha amefunga jikoni. Mzee akanitazama nilivyong'ang'ania dirisha, akasema, nusu utani nusu ukali, "Nikisimama tena, huyu Masika ataenda kukaa nyuma na viazi."

Mama akafungua mlango, akaona zulia dogo jekundu chini ya viti. Nyumbani kwetu hakuna aliyeingia na viatu. Kila Jumamosi mama alipiga magoti kuisugua sakafu kwa nta. Basi akavua viatu, akavipanga chini barabarani kando ya mlango, avichukue akishakaa. Jirani mwingine aliyekuja kutuaga akampa mtoto mikononi, mlango ukafungwa, tukaondoka.

Niliviona. Nilikuwa nimegeuka kuhakikisha watoto wa mtaani wananionea wivu, na viatu vilikuwa pale barabarani, vimepangwa sambamba kama mlangoni kwetu. Neno lilinifika mdomoni. Nikafikiria magunia ya viazi, nikageuka mbele.

Nisidanganye, safari ile ilikuwa tamu. Harufu ya mafuta na ya viti vilivyopigwa na jua, mikaratusi ikikimbia kinyumenyume, baridi ya Butembo ikituacha kidogo kidogo tukiteremkia Beni. Watoto wa vijijini walitupungia mkono, nami nikawapungia polepole kama mke wa gavana. Mpaka leo najichukia kwa jinsi nilivyofurahi.

Tulipofika, mama alitafuta chini ya viti, akatafuta ndani ya beseni, kisha akanigeukia.

"Masika, haukuona viatu yangu?"

"Hapana, mama."

Viatu vya mdogo wake havikumwingia. Vya kuazima vilikuwa kandambili za jikoni tu, si vya kupokelea wakwe. Basi dada mkubwa akashinda nyuma ya nyumba kwenye masufuria, na shangazi mmoja akawapokea wakwe mahali pake. Nilimwona akichungulia kwenye pembe ya mlango wakati mdogo wake anatolewa kuonyeshwa kwa wageni. Nyama yangu ya mbuzi nikaiacha kwenye sahani.

Tuliporudi, viatu vilikwisha kupata mwenyewe mwingine. Lakini kilichoniumiza zaidi kilikuja baadaye. Mama aligeuza kisa kile kuwa hadithi ya kuchekesha wageni, akaisimulia miaka na miaka. "Miye niko mutu wa kutembea na miguu," alisema. "Mambo ya motokari ilinishinda." Watu walicheka, nami nikacheka nao. Mtu akimwita apande gari, alisema anapenda kutembea. Nilikuwa na nafasi tele za kumwambia ukweli, nikaziacha zipite zote. Alikufa akiamini kwamba ulikuwa ujinga wake peke yake.

Siku hizi ninaendesha gari langu mwenyewe, ingawa kwa ajili ya vita barabara ya Beni haiendwi tena kwa moyo mweupe kama zamani. Watoto wangu wanapanda na matope yao, wanakanyaga viti, wanainamia simu. Ukiwaonyesha miti wanakuuliza ina nini. Zamani tulikuwa na adabu nyingi mbele ya motokari, na mimi nilikuwa na woga mwingi kuliko adabu. Juzi, pale Kimemi mjini Butembo, mdogo wao aliangusha kofia dirishani. Hakuwaza, hakumwogopa mtu.

"Mama, simama," akasema.

Nikasimama. Akashuka, akaiokota, akapanda tena, tukaendelea. Haikuchukua hata dakika moja.