Kuni Zilizopanda Gari la Moshi

Ni ule mwaka wa unga wa njano. Uhuru ulikuwa bado mchanga, mvua ikatukataa, tukaletewa kutoka ng'ambo mahindi ya njano ambayo tulisikia huko hulishwa ng'ombe. Tulikula tukanyamaza, na maziwa hatukutoa.

Mwaka huo mdogo wangu alizaa mtoto wa pili huko Nanyuki alikoolewa. Wa kwanza alipozaliwa hakuna mtu wa kwetu aliyefika na kuni, na mama mkwe wake akawatangazia majirani, "Huyu ametoka kwa watu wasio na migongo." Safari hii nikasema, mgongo watauona. Kwetu kuni za mama aliyezaa huletwa na mwanamke mgongoni, mkono wa mwanamume usiziguse, na majirani wazione zikitua mlangoni. Zikifika kwa njia nyingine, hizo ni kuni tu.

Nikatoka Mukurweini alfajiri, kuni mgongoni, mkanda wa ngozi unaozishika kwenye paji la uso, mpaka stesheni ya Karatina. Siku hizi wajukuu wangu wakibeba mtungi mdogo wa maji wanaomba kupumzika!

Gadi wa gari la moshi akanizuia mlangoni mwa daraja la tatu.

"Mama, ati unapeleka kuni Nanyuki? Na msitu wote ule uko huko!"

"Msitu haukuzaliwa na mama yangu."

"Haya, tua basi, ziende behewa la mizigo."

"Sitatua hapa. Nitatua mlangoni kwa mdogo wangu."

"Mzigo huenda na mizigo, mama."

"Yule pale ana mtoto mgongoni. Mbona yeye humpeleki behewa la mizigo?"

Gari zima likacheka. Gadi akapuliza filimbi yake kwa hasira, tukaondoka.

Kukaa sikuweza. Nilisimama nimeinama kama mtu anayetafuta sindano, na kila kona kuni zilimdunga mzee mmoja mwenye kofia.

"Wee mama, kuni zako zinanichoma!"

"Bado sijaziwasha, baba."

Stesheni ya Kiganjo wengi walishuka, nikaambiwa sasa nafasi iko, nitue nipumzike. Nitue? Waliobaki walikuwa wanaume, na wao ndio wangenitwika tena. Habari hiyo ingefika Nanyuki kabla yangu. Naro Moru wauzaji wa viazi waliacha viazi wakaja dirishani kunitazama. Shingo ilikuwa inalia.

Nanyuki nikamkuta shemeji, mume wa mdogo wangu, ananingoja na baiskeli aliyoipangusa ikang'aa. Mtu mzuri sana.

"Shemeji, pole! Lete nizifunge kwa keria hapa nyuma ya baiskeli, wewe utembee mikono mitupu."

Mikono mitupu! Nikamwona akilini yule mama mkwe wake amesimama na majirani wake, baiskeli inaingia na kuni, mimi nyuma napunga mikono. Nikaukaza mkanda.

"Sitatua hapa. Nitatua mlangoni kwa mdogo wangu."