Kigari cha Shemeji

Shemeji hulaza msasa juu ya kioo, huulowesha, kisha husugua paa na bodi ya kigari chake cha mfano, cha resini, ile plastiki ngumu, ili vikutane sawasawa. Husugua taratibu, kama anayebembeleza mtoto. Halafu huvibana pamoja na kuviinua dirishani. Mwanga ukipenya hata kama uzi, huguna na kuanza upya. Dada yangu, mkewe, amezoea kula kwenye kona ya meza iliyobaki. Jana mwanga haukupenya. Shemeji akatuita kwa mbwembwe, akamketisha ndani dereva wake mdogo, kisanamu cha resini, akafunika paa. Halikufunga. Kwa kusuguliwa kote kule, gari lilikuwa limepungua kimo, na kichwa cha dereva kilizidi.

"Sasa huyu ataendesha amelala?" dada akauliza.

Shemeji alikuwa keshalowesha msasa, anampunguza dereva makalio.